Sentimita Mbili na Nusu

Magari ya hapa Nakivale yanazidi kurefuka miguu. Ukifika Base Camp asubuhi, pale wanapopakia abiria wa Mbarara, hebu tazama chini kidogo. Zile Corolla za zamani ambazo Uganda nzima inaziita Kikumi zilitoka kiwandani na magurudumu madogo, inchi 13 au 14. Leo nyingi zimevaa inchi 15. Nyingine zimewekewa vipande vya mpira juu ya springi ili tairi jipya lisikwaruze bodi. Kwa mbali utadhani gari limevaa viatu vya baba yake.

Sitaki kuanza kwa kuwalaumu madereva, maana sababu yao naijua. Lami inaishia njiani, na ukishaiacha ni murram mpaka nyumbani. Mvua ikinyesha siku tatu, malori ya mizigo yanachimba mifereji, na katikati ya mifereji panabaki tuta la udongo na mawe. Gari la chini linagonga tuta hilo kwa tumbo. Sampu ikipasuka, oili yote inamwagika barabarani, na dereva anabaki porini na watu tisa, kuku wawili na gunia la muhogo. Dereva aliyepasua sampu mara mbili hahitaji mtu wa kumshawishi. Anakuja gereji anasema: fundi, ninyanyulie gari.

Na sisi tunamnyanyulia. Mimi ni mfanyakazi wa vijana, na kati ya kazi zangu ni kukaa na kikundi cha vijana wanaojifunza ufundi wa magari. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo gereji za makazini ni gereji kweli, zenye wateja na madeni. Pale kwetu lugha ni mchanganyiko. Sisi tuliotoka Kivu tunasema janti na plakete, wenyeji wanasema rimu na pedi, Warundi wanachukua kutoka pande zote mbili, lakini gari likishafunguliwa wote wanajua ni kitu gani kinatafutwa.

Neno ambalo kwa muda mrefu halikutafutwa katika lugha yoyote ni breki. Mteja anataka magurudumu makubwa, analipia magurudumu makubwa, anaondoka. Breki zinabaki zile zile za gurudumu dogo. Hilo ndilo ninalotaka kuandika, kwa sababu karibu kila mtu anayesoma gazeti hili, awe mkazi au mfanyakazi wa shirika, amewahi kupanda gari la namna hiyo, na wengi wetu tutalipanda tena wiki hii.

Tuanze na hesabu. Naomba usiruke sehemu hii, ni hesabu ya sekondari tu.

Tairi lina namba ubavuni. Tuseme tairi la zamani limeandikwa 175/65R14. Maana yake upana wake ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na janti ni ya inchi 14. Ukipiga hesabu, tairi zima kutoka juu hadi chini ni kama milimita 583. Sasa dereva anafunga 195/65R15. Hilo lina milimita 634 na nusu. Tofauti ni milimita 51 hivi. Lakini gari halipandi kwa milimita 51 zote, maana nusu ya tairi iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Gari linapanda milimita 25 na kidogo. Sentimita mbili na nusu. Kidole gumba cha mtu mzima kikilazwa ni karibu hivyo.

Hiyo ndiyo faida, na si faida ya kudharau. Tuta likiwa limezidi tumbo la gari kwa sentimita mbili, sentimita mbili na nusu ndizo zinazokufikisha nyumbani.

Sasa tuone malipo yake. Tairi la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa karibu asilimia 9. Breki haishiki tairi, inashika diski iliyo ndani, karibu na kitovu cha gurudumu. Barabara nayo inasukuma gurudumu kwenye ukingo wa nje kabisa. Kwa hiyo ni mashindano kati ya anayeshika karibu na kitovu na anayesukuma kwenye ukingo. Vijana niliwaeleza kwa mlango. Mmoja ashike mlango karibu na bawaba, mwingine asukume kwenye ncha. Anayesukuma kwenye ncha anashinda hata akiwa mtoto. Ukiongeza upana wa mlango, yule wa kwenye bawaba anazidi kuonewa. Gurudumu likikua kwa asilimia 9, breki ile ile inahitaji kushika kwa nguvu asilimia 9 zaidi ili gari lipunguze mwendo kama zamani. Nguvu hiyo inatoka kwenye mguu wa dereva. Mguu ukibaki ule ule, breki imepungua.

Halafu kuna mshale wa spidi. Gari linahesabu mwendo kwa kuhesabu mizunguko, halijui kwamba umebadilisha tairi. Kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi. Mshale ukionyesha 80, gari linakwenda 87. Dereva anaamini anaendesha kwa mwendo wake wa kila siku, kumbe sivyo.

Hapo fizikia inauma kweli, kwa sababu nguvu iliyo ndani ya gari linalokwenda haikui sawa na mwendo, inakua kwa mwendo mara mwendo. Kutoka 80 hadi 87 ni ongezeko dogo machoni, lakini mzigo wa breki unaongezeka kwa asilimia 18. Ukiunganisha mambo yote mawili, yaani breki iliyopungua na mwendo uliozidi bila dereva kujua, kwa mguu ule ule gari lililokuwa linasimama ndani ya mita 40 litahitaji zaidi ya mita 51. Hizo mita 11 ni zaidi ya urefu wa Kikumi mbili zikipangwa mbele na nyuma. Na hapo sijahesabu uzito wa janti yenyewe. Gurudumu kubwa la chuma ni zito, na uzito wake uko mbali na kitovu, ni mgumu kuuzungusha na mgumu kuuzuia.

Kijana mmoja akaniuliza: hiyo nguvu ikizuiwa inakwenda wapi? Swali zuri. Inakuwa joto. Gari likiwa na watu, tuseme kilo 1,400 kwa jumla, kulisimamisha mara moja kutoka kilomita 80 kwa saa kunatoa joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji baridi. Mara moja tu. Hapa kambini hakuna asiyejua lita moja ya maji inakula kuni kiasi gani. Sasa fikiria joto hilo lote linaingia kwenye diski za breki, ambazo za mbele ndizo zinabeba sehemu kubwa, ndani ya sekunde chache. Kisha fikiria mteremko mrefu ambapo dereva anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia. Ni sufuria juu ya sufuria.

Joto likizidi, pedi zinapoteza ushikaji. Na mafuta ya breki yana tabia yake: yanavuta unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205, lakini yakishavuta maji kiwango chake kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Dereva anakanyaga, kanyagio linakwenda mpaka sakafuni, hakuna kitu.

Utauliza, kama mambo ni mabaya hivyo, mbona madereva wanasema breki ziko fiti? Wanasema kweli kwa walichokiona, na hapa ndipo mtego ulipo. Dereva akitoka gereji na magurudumu mapya anajaribu breki palepale, kwenye uwanja wa murram, gari likiwa tupu, mwendo mdogo. Anakanyaga, magurudumu yanafunga, gari linateleza kidogo na vumbi linapanda. Anafurahi: zinashika! Lakini kwenye kokoto zilizolegea, gurudumu halina pa kushika, hata breki dhaifu inaweza kulifunga. Jaribio hilo limepima kokoto. Ukitaka kupima breki, unahitaji lami kavu, watu tisa ndani na mteremko. Na huko hakuna anayekwenda kujaribu. Watu wanakwenda huko kwa safari.

Mwaka jana kipindi cha mvua, gari moja lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa lami unaoingia senta. Halikufungwa kwetu, na aliyelifunga sitamtaja. Mbele kulikuwa na lori limesimama. Dereva akaona hasimami, akakata kushoto, akapita katikati ya meza za sokoni. Mungu alisaidia, ilikuwa saa ambayo wanunuzi ni wachache. Mama mmoja aliumia mkono. Mwingine alipoteza nyanya zote na meza, na zile nyanya alikuwa amezichukua kwa mkopo wa kikundi cha akiba. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naona anapita mapema asubuhi kwenda kulima shamba la mtu ili alipe.

Watu wote walisema kitu kimoja: breki zilikataa. Polisi walisema hivyo, abiria, hata dereva mwenyewe. Vijana wangu wawili walipokwenda kusaidia kulivuta lile gari, walifungua magurudumu kwa kuwa walitaka kuona. Pedi zilikuwa bado nene. Mafuta yalikuwepo. Hakuna paipu iliyopasuka. Zile breki hazikukataa, zilifanya kazi yote ya breki za gurudumu la inchi 14, chini ya gurudumu la 15 na watu tisa. Hakuna kilichokuwa kimevunjika ambacho mtu angeweza kukionyesha na kusema, hiki hapa.

Jioni ile kikundi hakikuzungumza kitu kingine. Mdogo kuliko wote, ambaye kwa kawaida anakaa kimya na kupangusa spana, ndiye aliyesema: tusifunge tena gurudumu kubwa bila kugusa breki. Mkubwa wao akamjibu palepale: ukikataa wewe, anavuka barabara, anafungiwa kule, na pesa inakwenda kule. Wote wawili walikuwa na haki. Kijana mkubwa ana mke na mtoto, na pesa ya kufunga magurudumu ni pesa rahisi, saa mbili umemaliza. Mimi sikutaka kuamua kwa niaba yao, kwa sababu pesa inayopotea si yangu. Walibishana siku mbili. Mwishowe wakapiga kura, na sheria ikapita kwa kura chache.

Mteja wa kwanza kukutana na sheria hiyo alikuwa muzee mmoja dereva ambaye tumemjua tangu tulipofika. Alikuja na janti zake za 15 juu ya keria, amezinunua Kisekka kule Kampala, zinang'aa. Vijana wakamweleza kwa heshima. Muzee, tunafunga, lakini lazima tufanye na breki, na breki gharama yake ni hii. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Bana bangu, mimi niko na batoto sita. Munataka bakule breki?"

Hakuna aliyecheka. Akaendelea: wakati wa mvua, mama mjamzito akipata shida usiku na gari la wagonjwa liko mbali, nani anampeleka? Mimi. Na gari la chini halifiki. Sasa mnaniambia hatari ni gurudumu kubwa? Hatari ni kutofika.

Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi na bado naiona nzito. Anayezungumza juu ya usalama huku amekaa anaweza kusahau kwamba gari lisilofika nalo linaua. Lakini yule mama mjamzito anahitaji gari lifike na anahitaji lisimame, na haulizwi achague. Yeye hajui namba za tairi. Amelala kiti cha nyuma, ametuachia sisi wengine tuhesabu.

Sasa niseme jinsi breki zinavyoboreshwa, maana wengi wanafikiri ni jambo la matajiri na magari ya mashindano. Vijana wanafuata hatua, na hatua ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko zote: rudisha kile kilichopo katika hali yake. Gari lenye umri wa miaka 25 au zaidi mara nyingi lina kalipa iliyoganda upande mmoja, viatu vya breki za nyuma vilivyolowa mafuta, na mafuta ya breki meusi kama kahawa. Ukisafisha, ukabadilisha pedi na viatu, ukamwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya kisha ukatoa upepo wote, unaweza kushangaa. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. DOT 4 inavumilia joto zaidi, ikiwa mpya inafika nyuzi 230 kabla ya kuchemka, na inaweza kuingia mahali pa DOT 3. Ila DOT 5 usiiweke, ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo.

Hatua ya pili ni kumuuliza mteja kama anahitaji kweli ukubwa ule. Kuna njia ya katikati. Tairi la 185/65R14 linaingia kwenye janti ile ile ya 14, linaongeza kimo kidogo sana, na breki halizielemei. Tena kuna mtu anataka janti kubwa kwa urembo tu. Huyo anaweza kuvaa tairi lenye ubavu mfupi ili ukubwa wa nje ubaki karibu na ule wa zamani. Hapo mshale wa spidi hautamdanganya, ingawa hatapata kimo na mawe yatamsumbua.

Hatua ya tatu ndiyo breki kubwa zenyewe. Hapa gurudumu kubwa linatusaidia kidogo, maana ndani ya janti ya inchi 15 kuna nafasi ambayo ndani ya 13 au 14 haikuwepo. Kumbuka ule mlango: anayeshika karibu na bawaba anaonewa, basi msogeze mbali na bawaba. Kama pedi zilikuwa zinashika diski kwa wastani wa sentimita 10 kutoka kitovu, zikisogezwa mpaka karibu 11 zinarudisha ile asilimia 9 iliyopotea. Sentimita moja tu. Gari lilipanda mbili na nusu, breki inadai moja.

Hatununui vitu vipya. Familia moja ya magari huwa na ndugu wakubwa na wadogo, na kaka mwenye injini kubwa huwa na diski kubwa. Fundi anatafuta kwa wauza spea diski, kalipa na brakiti zake za gari la familia hiyo lililokatwa, vyote vitatu pamoja na pande zote mbili, kulia na kushoto. Diski inapimwa unene, kwa sababu kila diski ina kipimo cha chini kilichoandikwa juu yake, na ikishalika kupita hapo ni chuma chakavu. Kisha vinajaribiwa: matundu yakae sawa, kalipa isiguse janti ukizungusha gurudumu kwa mkono, na hozi ya breki isivutike wala isikwaruzwe ukikata usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Tairi pana linapenda sana kula hozi.

Kuna mambo matatu ambayo vijana wameyaandika ukutani kwa rangi. La kwanza, usiimarishe breki za nyuma peke yake. Gari likikanyagwa breki, uzito unakuja mbele, nyuma inakuwa nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari linageuka lenyewe barabarani. La pili, usifunge kalipa yenye pistoni kubwa kuliko ya zamani bila kuangalia masta silinda, maana pistoni kubwa inadai mafuta zaidi, na kanyagio litakwenda mbali kabla ya kushika. La tatu, gari lisikabidhiwe kabla ya kujaribiwa kwenye lami na mzigo. Mzigo wetu ni mifuko ya mchanga. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeshwa kwa kukanyaga kidogo kidogo mara nyingi, ndipo zishikane na diski.

Na nikiri kwa niaba ya fizikia: hata ukifanya yote haya, mshale wa spidi utaendelea kudanganya. Kwa hiyo vijana wanabandika karatasi ndogo kwenye dashibodi: 80 ni 87. Madereva wengine wanaibandua siku hiyo hiyo. Wengine wameiacha.

Kwenu nyinyi wafanyakazi wa mashirika nina neno moja. Magari yenu meupe yana kitabu cha matengenezo na fundi anayejulikana. Lakini mnapokodi gari la kupeleka vijana kwenye mechi au kina mama kwenye mafunzo, mnaomba leseni na bima, mnaweka karatasi kwenye faili. Ombeni na kitu kimoja zaidi, hakigharimu chochote. Fungueni mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango mara nyingi kuna stika ya kiwandani yenye ukubwa wa tairi unaofaa. Linganisheni na namba zilizo ubavuni mwa tairi. Zikitofautiana, ulizeni: na breki je? Swali hilo likiulizwa na anayelipa, dereva atakuja gereji kesho yake. Sisi tukiuliza, anavuka barabara.

Tena kwenye mafunzo ya ufundi mnayolipia, injini inapewa miezi na breki inapewa siku mbili. Kijana anapata cheti cha kufanya gari liondoke. Kulisimamisha atajifunza kwa mteja.

Na kwetu sisi abiria: stika hiyo na sisi tunaweza kuisoma. Tunaweza pia kukataa kuwa mtu wa tisa. Najua ni rahisi kuandika. Saa kumi na moja jioni ukiwa Mbarara na gari ni la mwisho, utaingia, hata mimi nimeingia. Lakini watu wanne waliozidi, hata wakiwa wembamba kama sisi, wanafika kilo 240 hivi, na breki hazikuambiwa kwamba wangekuja.

Yule muzee hakufunga siku ile. Aliondoka na janti zake juu ya keria, na mkubwa wa kikundi alimwangalia mdogo kwa jicho ambalo sote tulilielewa. Wateja watatu walivuka barabara mwezi ule. Pesa ya kikundi ilipungua, na kijana mmoja aliacha, akaenda kubeba mizigo senta. Hayo nayo yaandikwe, maana sheria nzuri ina mtu anayeilipia.

Baada ya wiki kama sita muzee alirudi. Alikuwa amepata zamu yake kwenye kikundi cha akiba, akanunua diski na kalipa za mbele, za kulia na kushoto. Za nyuma tulimsafishia na kumwekea viatu vipya. Kazi ilichukua siku mbili. Alipotoka kujaribu, na mifuko ya mchanga imejaa ndani, yule kijana mdogo alikaa kiti cha mbele akiwa na chaki na futi ya kupimia. Walirudi wote wawili kimya. Muzee akazima gari, akasema: "Hii sasa ni gari." Halafu akauliza kama deni lililobaki anaweza kulipa mwisho wa mwezi. Vijana wakamkubalia, na bado wanamdai.